Umelipa bima, lakini imeingia kwenye mfumo? Hakiki kabla leseni iliyofungiwa haijarudi barabarani

Simu iliingia asubuhi kipindi kikiwa hewani. Aliyepiga ni kijana wa bodaboda anayebeba abiria kati ya Kibaoni na Mang'ula. Aliomba tusimtaje jina, na swali lake lilikuwa moja: kama mtu amelipa bima na risiti anayo mfukoni, kosa lake ni nini?

Kisa chake ni hiki. Mwaka uliopita alikamatwa akiendesha pikipiki ambayo bima yake ilikuwa imeisha. Suala lilifika mahakamani na leseni yake ikafungiwa. Akakaa nje ya barabara, akalima mpunga, akasubiri. Muda ulipokwisha alitaka kurudi kazini kwa usafi, kwa hiyo kitu cha kwanza alichofanya ni kumlipa wakala fedha ya bima. Akapewa risiti iliyoandikwa kwa mkono na kuambiwa kila kitu kiko sawa. Siku ya nne trafiki alimsimamisha, akaingiza namba ya pikipiki kwenye simu, na kilichoonekana ni ile bima ya zamani iliyokwisha. Bima mpya haikuwepo.

Baadaye ilibainika kwamba wakala alikuwa bado hajaingiza taarifa. Alikuwa anasubiri wateja wafike kadhaa ndipo awaingize wote kwa pamoja.

Tulimjibu kwa kifupi hewani, lakini swali lake halimalizwi kwa dakika mbili. Linamhusu kila mwenye pikipiki, bajaji, noah au fuso katika bonde letu, na linamhusu zaidi yule ambaye leseni yake imewahi kufungiwa na sasa anataka kurudi. Jibu lenyewe ni kwamba kulipa bima ni hatua ya kwanza tu. Bima inayokulinda barabarani ni ile iliyokwisha kuingizwa kwenye mfumo, kwa namba sahihi ya chombo chako na kwa tarehe sahihi. Kabla hujaiona humo, usiwashe injini.

Bima na leseni zimefungwa kamba moja

Wengi wetu tunaziona bima na leseni kama karatasi mbili zisizojuana. Leseni ni ya mtu, bima ni ya chombo. Leseni inatolewa na Mamlaka ya Mapato, TRA, baada ya polisi kukupima. Bima inauzwa na kampuni binafsi au wakala wake. Lakini sheria imezifunga pamoja.

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169 ya sheria za Tanzania, inakataza mtu yeyote kutumia chombo cha moto barabarani bila bima inayowalinda watu wengine. Ndiyo ile tunayoiita bima ndogo. Katazo halimgusi dereva peke yake. Mtu anayesababisha au kuruhusu chombo kitumike bila bima naye ana kosa, maana yake tajiri mwenye pikipiki hawezi kusema yeye alikuwa nyumbani amelala.

Sehemu ambayo wengi hawaijui ni adhabu. Mbali na faini au kifungo, sheria hiyo inaitaka mahakama imwondolee mkosaji haki ya kuwa na leseni ya udereva kwa miezi 12 tangu siku alipotiwa hatiani, isipokuwa kama mahakama itaona kuna sababu maalumu ya kutofanya hivyo. Na sababu maalumu si ile ambayo wengi wetu tungeitoa. Kwa miaka mingi mahakama zimekuwa na msimamo kwamba sababu hiyo lazima ihusu namna kosa lilivyotokea. Haihusu shida za mkosaji. Kusema una watoto watano, au kwamba pikipiki ndiyo shamba lako, hakutoshi.

Ni kweli kwamba barabarani mambo mengi huishia kwenye faini ya papo hapo. Kwa magari ni shilingi 30,000 kwa kosa. Kwa bodaboda na bajaji Serikali ilipunguza kutoka 30,000 hadi 10,000 katika bajeti ya mwaka 2021. Kwa sababu hiyo vijana wengi wamezoea kuiona bima kama suala la elfu kumi. Wanapiga hesabu kwamba wakikamatwa mara moja kwa mwezi bado nafuu kuliko kukata bima. Hesabu hiyo ina shimo. Faini hailipi hospitali ya mtu uliyemgonga, na siku suala lako likifika mahakamani hutazungumzia elfu kumi tena, utazungumzia mwaka mzima bila kazi.

Kufungiwa si kwa namna moja

Kabla ya kueleza jinsi ya kurudi, tuelewane kwanza nani amekufungia, kwa sababu mlango uliotokea ndio unaorudia.

Mlango wa kwanza ni mahakama, kama tulivyoeleza. Hapa muda umeandikwa kwenye hukumu, na hesabu inaanzia siku ya hukumu. Haianzii siku uliyokamatwa.

Mlango wa pili ni Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani. Kwa miaka ya karibuni tumesikia mara nyingi kikosi hicho kikitangaza kufungia leseni za madereva, hasa wa mabasi, kwa makosa kama mwendokasi na kulipita gari jingine mahali pasiporuhusiwa. Aliyefungiwa kwa njia hii anarudi kwa polisi, na anaweza kutakiwa kupimwa upya.

Mlango wa tatu ni LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Hii inashughulika na leseni ya usafirishaji, yaani ruhusa ya chombo kubeba abiria au mizigo kwa biashara. Watu wengi huchanganya hapa. Unaweza kuwa na leseni yako ya udereva iliyo safi kabisa huku chombo unachoendesha hakina leseni ya usafirishaji, na kinyume chake. Ili chombo kipate leseni ya usafirishaji, bima hai ni mojawapo ya mambo yanayotakiwa.

Halafu kuna jambo la nne ambalo halihusu kufungiwa lakini huwanasa watu wakati wa kurudi, nalo ni leseni kuisha muda wenyewe. Tangu mabadiliko ya mwaka 2019, leseni ya udereva hudumu miaka 5 badala ya 3, na mwaka huo ada ikapanda kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000. Kama leseni yako ilikuwa imebakiza miezi minane ulipofungiwa miezi 12, siku ya kumaliza adhabu utakuta imekufa. Adhabu imekwisha, lakini leseni huna. Soma tarehe iliyo kwenye kadi kabla hujashangilia.

Kulipa, kukatiwa na kuingia kwenye mfumo

Sasa turudi kwa kijana wetu. Kosa lake lilianza pale alipodhani kulipa na kuwa na bima ni kitu kimoja. Hapo katikati kuna hatua tatu, na kila moja inaweza kukwama.

Hatua ya kwanza ni fedha kutoka mkononi mwako. Sheria ya Bima ya Tanzania ya mwaka 2009 iko wazi kwamba bila ada kulipwa hakuna bima. Ule utaratibu wa zamani wa kumwambia wakala akuandikie kwanza, utalipa ukivuna, hauna kinga yoyote. Bei ya chini ya bima ndogo inasimamiwa na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, na juu yake inaongezwa kodi ya VAT. Mtu akikuuzia kwa bei ya chini sana kuliko wenzake wote, usifurahie. Jiulize kwanza anakuuzia nini.

Hatua ya pili ni kampuni kukubali kubeba hatari yako na kutoa hati. Wakala ni mtu wa kati. Kampuni ndiyo inayolipa siku ya ajali, kwa hiyo jina la kampuni lazima lionekane kwenye hati. Jina la wakala na muhuri wa duka lake havitoshi.

Hatua ya tatu ni taarifa kuingizwa kwenye mfumo wa TIRA, unaojulikana kama TIRA-MIS. Zamani tulikuwa na stika za karatasi zilizobandikwa kwenye kioo cha gari, na bonde hili lilizijua vizuri stika za bandia. Ilikuwa rahisi kuchapa stika inayofanana na ya kweli, na trafiki hakuwa na namna ya kujua akiwa njiani. Stika za kielektroniki zililetwa kuziba mwanya huo. Siku hizi ukweli wa bima yako haupo kwenye karatasi, upo kwenye mfumo. Askari akiingiza namba ya usajili ya chombo chako, au wewe mwenyewe ukiiingiza, kinachoonekana pale ndicho bima yako.

Mabadiliko haya ni mazuri, lakini yamehamisha mahali pa kuwa makini. Zamani ulitakiwa kuogopa stika ya bandia. Sasa unatakiwa kuogopa bima ya kweli ambayo haijaingizwa, au imeingizwa vibaya. Wakala anaweza kuwa mwaminifu kabisa lakini akachelewa kwa sababu mtandao ulikata au umeme ulikatika. Anaweza kukosea herufi moja ya namba ya usajili, na bima uliyoilipia ikawa inalinda pikipiki ya mtu usiyemjua. Anaweza kuandika matumizi binafsi wakati wewe unabeba abiria kwa malipo.

Hilo la mwisho ni zito. Pikipiki iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi inapobeba abiria wa kulipa, kampuni inapata sababu ya kubishana nawe siku ya madai. Mwambie wakala ukweli wa kazi unayofanya, na uangalie kama ameuandika.

Siku nne ambazo hakuna anayekulinda

Pengine unajiuliza kwa nini tunakazania siku tatu au nne za kusubiri. Fikiria barabara yetu ilivyo leo. Lami ya Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67, imebadilisha mwendo. Safari iliyokuwa ya mashimo na vumbi sasa ni ya kasi, na bodaboda, baiskeli za wakulima, malori ya miwa na mabasi vyote vinagawana lami hiyohiyo. Upande wa pili, tangu Daraja la Magufuli lianze kutumika badala ya kivuko, magari ya Ulanga na Malinyi yanapita mto Kilombero mchana na usiku. Ajali moja haihitaji siku nne. Inahitaji sekunde moja.

Tuseme katika siku hizo umemgonga mama anayevuka barabara pale Kiberege. Amevunjika mguu. Polisi wanatoa PF3, anapelekwa hospitali, na ndugu wanaanza kuuza mpunga ili kulipa matibabu. Kama bima yako ilikuwa hai, sheria inamlinda. Akishinda kesi ya madai kwa majeraha aliyopata, kampuni ndiyo inayotakiwa kulipa, hata kama wewe na kampuni mna ugomvi wenu. Kama bima haikuwepo, anabaki na wewe. Nawe una pikipiki iliyopinda usukani. Kwa hiyo anayeumia zaidi na bima isiyoingizwa ni yule mama, na yeye hakuwahi hata kumwona wakala.

Na kuna mtego mwingine ambao aliyefungiwa lazima aujue. Mikataba ya bima ina sharti kwamba dereva awe na leseni halali. Ukirudi barabarani siku mbili kabla adhabu yako haijaisha, au leseni ikiwa imekwisha muda, basi hata bima iliyo hai inaweza isikulinde wewe. Kampuni inaweza kukataa kulipia chombo chako, na hata ikimlipa majeruhi, mikataba mingi inairuhusu ikugeukie na kukudai. Tena kuendesha ukiwa umefungiwa ni kosa jingine peke yake. Leseni inaitaka bima na bima inaitaka leseni. Kimoja kikilegea, vyote viwili vinaanguka.

Wenzetu wanafanyaje?

Marekani tatizo hili wanalijua vizuri, na majimbo mengi yana utaratibu wake. Dereva aliyefungiwa kwa kuendesha bila bima hapewi leseni kwa kuonyesha risiti. Kampuni yake ya bima ndiyo inayotakiwa kupeleka hati maalumu kwa ofisi ya leseni ya jimbo, inayojulikana kwa jina la SR-22. Hati hiyo si bima. Ni uthibitisho wa kampuni kwamba mtu huyu ana bima hai. Ofisi ikishaipokea na kuiingiza ndipo leseni inarudi. Mara nyingi uthibitisho huo unatakiwa uendelee kuwepo kwa miaka 3, na bima ikikatika katikati, kampuni inalazimika kuitaarifu ofisi na leseni inafungiwa tena.

Hata huko watu wananaswa na kosa lilelile la kijana wetu. Wanalipa, wanapanda gari siku hiyohiyo, kumbe hati bado haijashughulikiwa. Ndiyo maana ushauri unaorudiwa huko ni kupiga simu ofisi ya leseni na kuuliza kama hati imeingia, kabla ya kugusa usukani.

Tofauti yetu na wao ni moja. Hapa kwetu kampuni ya bima haipeleki hati kwa trafiki au mahakamani kwa niaba yako. Mzigo wa kuhakikisha uko mabegani mwa mwenye chombo na dereva. Kwa hiyo kile ambacho Mmarekani anafanyiwa na kampuni yake, mtu wa Mlimba au Lupiro anatakiwa kujifanyia mwenyewe.

Pikipiki za mkataba: nani anahakiki?

Katika vijiwe vyetu vijana wengi hawaendeshi pikipiki zao. Wako kwenye mkataba. Tajiri ananunua chombo, kijana analeta hesabu kila siku au kila wiki, na baada ya muda waliokubaliana pikipiki inakuwa yake. Mwaka wa kwanza bima hukatwa dukani pamoja na usajili. Mwaka wa pili ndipo mambo huvurugika. Tajiri anaamini bima ni ya anayetumia chombo, kijana anaamini ni ya mwenye kadi, na bima inakufa bila mtu kuililia.

Kibaya zaidi, tarehe ya kuisha haichagui msimu. Aliyenunua pikipiki baada ya kuvuna, Juni au Julai, bima yake inaisha wakati fedha ipo. Aliyechukua kwa mkopo Desemba, bima inaisha wakati wa kulima na kupanda, mfuko umekauka. Ushauri wetu ni kwamba mkataba wenu uandike wazi nani anakata bima, tarehe gani, na nani anahakiki. Kama ni kijana anayelipa, hela ya bima itengwe kidogokidogo kwenye hesabu tangu mwanzo, isisubiriwe mwezi wa kumi na mbili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na leseni ya mtu ni mali.

Tajiri naye ajue kwamba sheria inamtaja. Kumruhusu kijana aingie barabarani na chombo kisicho na bima ni kosa lake pia. Tena siku ya ajali, majeruhi hatamtafuta kijana asiye na kitu. Atamtafuta mwenye kadi.

Mpangilio wa kurudi barabarani

Kwa anayekaribia kumaliza kufungiwa, huu ndio mpangilio tunaoushauri. Ufuate kwa mfululizo, usiruke.

Kwanza, pata uhakika wa tarehe. Kama ni mahakama, soma nakala ya hukumu au muulize karani wa mahakama iliyokuhukumu. Kama ni polisi, muone Mkuu wa Usalama Barabarani wa Wilaya, yule tunayemwita DTO. Usihesabu kwa vidole.

Pili, safisha madeni. Faini za barabarani zinaonekana kwenye mfumo wa polisi, katika tovuti ya tms.tpf.go.tz, kwa kuingiza namba ya chombo. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali utakayoiona pale, na usimpe mtu fedha taslimu akakulipie.

Tatu, angalia kama leseni yenyewe bado iko hai, na kama daraja lake linalingana na chombo unachoendesha. Leseni ya pikipiki haikuruhusu kuendesha gari la abiria.

Nne, kata bima. Nenda na kadi ya chombo. Hakikisha wakala ananakili namba ya usajili na namba ya chesisi kutoka kwenye kadi, asiandike kwa kukumbuka. Sema wazi kama ni biashara. Uliza jina la kampuni. Kisha usiondoke kabla taarifa haijaingizwa. Kama mtandao umekata, subiri, au acha uende kwa mwingine.

Tano, hakiki mwenyewe. Fungua tovuti ya tiramis.tira.go.tz, ingiza namba ya usajili ya chombo au namba ya stika, na usome kinachotokea. Angalia mambo manne: namba ya usajili herufi kwa herufi, jina la kampuni, aina ya matumizi, na tarehe ya kuanza na kuisha. Piga picha ya kioo cha simu na uitunze.

Kama simu yako ni kiswaswadu, usijisikie vibaya. Kila kijiwe kina mtu mmoja mwenye simu janja na bando. Mpe namba ya chombo akuangalizie. Ni kazi ya dakika chache. Kuuliza si ujinga, na mwenzako atakuhitaji siku nyingine.

Sita, kama haionekani, rudi kwa wakala siku hiyohiyo. Akikuzungusha, piga simu makao makuu ya kampuni iliyoandikwa kwenye hati. Wakikuzungusha nao, malalamiko yanapelekwa TIRA, na kwa migogoro ya madai ipo pia ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Wakati wote huo chombo kikae nyumbani. Tunajua maana ya maneno hayo kwa mtu ambaye hesabu ya tajiri inamsubiri jioni. Lakini siku tatu nyumbani ni nafuu kuliko mwaka mwingine.

Mzigo usiwe wa dereva peke yake

Tumeeleza wajibu wa dereva. Haitakuwa haki kumalizia hapo, kwa sababu sehemu ya tatizo hili haitoki kwake.

Fikiria mtu anayeishi Mlimba au Itete. Mahakama ina kumbukumbu zake, polisi wana mfumo wao, TRA wana wao, LATRA wana wao na TIRA wana wao. Kila ofisi inamwambia alete uthibitisho kutoka kwa nyingine. Makao makuu ya mkoa yako Morogoro, zaidi ya kilomita 200 kutoka Ifakara. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula, na siku ya kazi iliyopotea vinaweza kuzidi thamani ya kile anachofuatilia. Hapo ndipo mtu anapoamua kurudi barabarani kimyakimya na kumwomba Mungu asikutane na trafiki. Hakuamka akitaka kuvunja sheria. Ameona njia halali ni ndefu mno.

Mambo matatu yangepunguza hali hii, na hakuna hata moja linalohitaji sheria mpya. Kampuni za bima zinaweza kuweka sharti kwa mawakala wao kwamba hakuna fedha inayopokelewa bila taarifa kuingizwa papo hapo, na mteja apate ujumbe kwenye simu yake kabla hajatoka mlangoni. Polisi na mahakama wanaweza kumpa anayefungiwa karatasi moja ya Kiswahili rahisi inayosema unamaliza lini, unarudi kwa nani, na uje na nini. Na viongozi wa vyama vya bodaboda wanaweza kuweka siku moja kila mwezi ya kuhakiki bima za kijiwe kizima, kama wanavyokusanya michango ya misiba. Chombo cha mwenzako kisicho na bima ni tatizo lako pia, kwa sababu abiria aliyeumizwa na mmoja hupoteza imani na wote.

Tumjibu sasa yule kijana wa Kibaoni. Mbele ya wakala huna kosa. Ulilipa ulichotakiwa kulipa, na una haki ya kumdai akamilishe au akurudishie. Barabarani ni habari nyingine. Pale sheria inauliza kama chombo kina bima, na risiti ya mkono haijibu swali hilo. Tulipozungumza naye tena, alituambia bima yake imeingia, ameiona mwenyewe kwenye simu ya mwenzake, na picha yake ameitunza. Siku ile ndiyo aliyorudi kubeba abiria.

Wewe je, yako umeiona? Chukua namba ya chombo chako leo jioni, kabla ya kulala, ukaangalie.